Rangi ya Buibui la Mavyaa

Ujumbe ulinikuta nikinyonyesha. "Kazi nzuri, dada, ila huyo bibi mwenye buibui haonekani vizuri. Mvishe leso ya manjano. Tunazihitaji kurasa Jumatatu."

Nilikasirika mpaka mtoto akaachia titi akanitazama.

Ofisi moja ya Kilifi ilikuwa imenipa kazi ya kuchora hadithi ya picha, kurasa nne za kubandikwa ukutani mwa zahanati: mama anashikwa na uchungu, anasaidiwa, anafika salama. Mimi huchora kwa wino kwenye karatasi, napiga picha, kisha natia rangi kwa kidole kwenye simu. Shule niliishia kidato cha nne, na haya ya rangi nimejifunza kwa kuharibu. Lakini yule bibi sikumbuni kichwani. Ni mavyaa wangu, mama yake mume wangu, aliyenishika kiuno kutoka nyumbani Mambrui hadi wodini, mimi namtukana, yeye anaitikia, "Naam mwanangu, tukana." Alivaa buibui. Nililivuta likachanika kwapani. Leo mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka aniambie nimvishe manjano?

Nikaifungua picha ili nipate maneno ya kumjibu. Hapo ndipo hasira ikakosa pa kushika, maana hakuwa amesema uongo. Buibui nilikuwa nimelimwagia weusi kwa mguso mmoja, na weusi ukameza mikunjo, kiwiko na mkono mzima.

Mavyaa akachungulia begani kwangu. "Huyu ni mimi ama ni mlango umeachwa wazi?"

"Ni wewe, mama."

"Na mkono wangu u wapi? Mimi nilikushika. Sikusimama kukutazama."

Ule mkono ndio uliokuwa hadithi yenyewe.

Asubuhi yake nikamkalisha mlangoni na buibui lile lile, kwapani kashalishona. Akawa anachagua mchele na kulalamika. Nikalitazama buibui kama sijapata kuliona, na kumbe halikuwa jeusi. Begani, palipoelekea mbingu, palikuwa na ubuluu. Kiwiko kilikuwa kimepauka kwa kufuliwa na jua, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Weusi wenyewe ulikuwa ndani ya mikunjo tu, mwembamba kama uzi.

Nikaufuta weusi wangu wote. Nikatandaza buluu iliyofifia, karibu na kijivu, kwenye tabaka lake peke yake chini ya mistari ya wino, ili nikikosea mistari isiguswe. Juu yake tabaka la kivuli, mikunjoni na kwenye mshono wa kwapani tu. La tatu la mwanga: begani, kiwikoni, na kufuata mkono hadi vidoleni. Pale wino wangu ulipopotea ndani ya nguo, mstari wenyewe nikaupa rangi nyepesi.

"Umemaliza?"

"Bado, mama. Usigeuke."

"Basi wali utaula kesho."

Kwenye simu ilipendeza kweli. Nikaenda saiba, duka la kompyuta na kuchapa, huko Malindi, nichape ukurasa mmoja kabla ya kutuma, na mavyaa akaja kunishikia mtoto. Karatasi ikatoka. Shimo jeusi, vile vile! Nikaitukana mashine mbele ya watu.

Mwenye duka akaitazama simu yangu. "Dada, mwangaza wa skrini umeuweka mwisho kabisa. Karatasi haina taa ndani."

Siku nzima nilikuwa nikichora taa.

Mavyaa akanirudishia mtoto, akaichukua karatasi, akatoka nayo juani, akailaza kando ya mkono wa buibui lake. "Bado. Mimi nimepauka kuliko huyu."

Nikapunguza mwangaza wa simu nusu, nikaifanya ile buluu nyepesi zaidi, tukachapa tena. Akalaza mkono. "Bado." Mara ya tatu aliupitisha ukucha juu ya karatasi, kuanzia begani, akateremka kiwikoni, hadi kwenye kiuno cha yule mama mwenye uchungu.

"Haya. Hapo nimekushika."

Nikatuma. Nikaandika: "Buibui linabaki. Chapa kwanza, halafu ndiyo uniambie."

Jibu likaja kabla hatujafika nyumbani. "Nimechapa. Anaonekana, na mkono unaonekana. Samahani dada, niliharakisha." Nilikuwa nimemwandalia maneno mengine makali. Nikayameza, na yalikuwa mengi.

Kurasa zilipokwisha kubandikwa, tulikuwa kwenye foleni ya zahanati tumempeleka mtoto chanjo. Mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa alisimama mbele ya picha muda mrefu, akamgeukia mavyaa kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Shikamoo mama. Mbona huyu bibi wamemchora mshono kwapani?"

"Marahaba," mavyaa akasema, akanisonta kwa kidevu. "Alinichana huyu."