Redio Niliyoichagua kwa Ukubwa wa Sauti

Mwaka sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ndipo shida zilipoanza, maana baba alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya tumbaku na hakurudi, wala barua hakuleta. Nikaacha shule darasa la tatu. Nikaanza kukanyaga udongo wa matofali kwa watu, miguu ikipasuka kwa baridi ya Songea ya mwezi wa sita, na mama akilima vibarua. Nakuambia haya, mwanangu, usije ukadhani anayekushauri ni mtu aliyekulia kwenye kochi. Kila nilicho nacho nilikitoa kwenye udongo kwa mikono hii.

Juzi mjukuu wangu Deo, ambaye amepanga chumba kule Msamala, alinitumia picha kwenye simu. Sabufa tatu, zote zinawaka taa nyekundu na bluu kama gari la wagonjwa. Akasema, "Babu, nichagulie, wewe ndiye mzee wa muziki." Nikazitazama zile picha, nikaiweka simu chini. Hakujua ameniuliza nini. Kwa hiyo naandika, asome yeye na usome wewe unayeanza maisha na unayetaka chumba chako kiwe na muziki. Kutaka muziki si kosa. Hata mimi nautaka mpaka leo.

Nikiwa na miaka ishirini na minane nilikuwa sijaoa. Nilikuwa nimejenga vyumba viwili hapa Mjimwema kwa matofali niliyofyatua mwenyewe, bati juu, umeme ndani. Wakati ule umeme wetu ulikuwa wa mashine ya mafuta, unakuja ukitaka na kuondoka ukitaka. Kijana mwenye bati na umeme alijiona mkubwa, na mimi nilijiona mkubwa kuliko wote. Kilichobaki ni redio. Si ile ya betri ya kusikilizia taarifa ya habari. Nilitaka redio ya deki mbili, yenye spika zinazochomoka ukaziweka kila pembe.

Nikaenda dukani, mjini. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mtu mzima, mgeni wa kutoka mikoa ya pwani, mpole. Aliniwekea redio mbili mezani. Moja ndogo, spika zake kama vitofali. Nyingine ilijaa meza yote.

Akaniuliza, "Chumba chako kina ukubwa gani, baba?"

Nikamjibu, "Mama, mimi nimekuja kununua redio au chumba?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka, nami nikavimba kichwa. Yule mama hakukasirika. Aliwasha ile ndogo kwa sauti ya chini, akaniambia nisikilize jinsi maneno ya mwimbaji yanavyosikika moja moja. Sikusikiliza. Nilimwambia awashe kubwa, afungulie mpaka mwisho. Vioo vya kabati lake vikatetemeka. Nikasema, "Hiyo hiyo."

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nilichopima ni vioo vya kabati.

Nikaifunga kwenye baiskeli asubuhi ya Jumamosi. Yalikuwa masika, mawingu yameshuka, na mama alikuwa amekwenda Hanga kumwona dada yake. Nilipofika nikaipanga chumbani, nikafunga mlango na dirisha kwa sababu ya mvua, nikaweka kanda. Mvua ikaanza kupiga bati. Nikaongeza sauti ili nishinde mvua. Mvua ikaongeza, nami nikaongeza. Nilicheza peke yangu, mwanangu, mtu mzima, sakafu inatetemeka, jasho linanitoka.

Sasa sikiliza hapa. Jirani yangu wa hatua ishirini alikuwa mzee Kasiani, fundi seremala. Wiki hiyo alikuwa amerudishwa kutoka hospitali akiwa amechoka sana. Nilijua. Ningeweza kukuambia nilisahau, lakini sitakudanganya. Sikusahau. Niliona ni shida ya nyumba ile, na mimi nina redio mpya.

Kama saa nane hivi nikaona mtu kwenye kioo cha dirisha. Alikuwa mzee Alanusi, balozi wetu wa nyumba kumi, amejifunika gunia kichwani, anapunga mkono. Nikafikiri amevutiwa na muziki. Nikampungia na mimi. Akapunga tena kwa nguvu, mdomo wake unasema kitu. Nikacheka, nikamwonyesha dole gumba, nikaenda kwenye redio nikaongeza sauti.

Alisimama pale kidogo kwenye mvua. Kisha akaondoka.

Saa kumi na moja umeme ukakatika. Redio ikazimika katikati ya wimbo, na mvua ilikuwa imekwisha kitambo. Ndipo nikasikia. Vilio vya wanawake, vingi, vimechoka, vilio vya watu walioanza kulia tangu mchana. Kwetu hapa mtu akifa hakuna anayeulizwa kama ana nafasi. Redio zinazimwa mtaa mzima mpaka watu waanue matanga, na kila mwanamume mwenye nguvu anachukua jembe. Mzee Alanusi hakuja kusikiliza muziki. Alikuja kuniita nikachimbe kaburi la mzee Kasiani kabla maji hayajajaa, na mimi nilimwonyesha dole gumba.

Nikachukua jembe, nikakimbia. Uani kwa marehemu watu walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Niliposimama hakuna aliyeniangalia. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mzee Alanusi alikuja, nguo zake zina matope mpaka kiunoni, akanishika bega kama mtu anayemshika mtoto.

"Rudi ukacheze, kijana," akasema. "Kaburi limeshapata watu."

"Mzee, sikusikia."

"Najua hukusikia. Na siku yako tukiitwa, sisi pia tunaweza tusisikie."

Nililala na maneno yale, nikaamka nayo. Siku ya maziko nilisimama nyuma. Unga niliopeleka niliukuta jioni umerudishwa kwenye fensi yangu, mfuko haujafunguliwa. Wiki hiyo nikisema shikamoo naitikiwa kwa mdomo tu, macho yako pengine. Nikipita kisimani mazungumzo yanakatika. Nikajiambia itapita, mimi najitegemea, sili kwa mtu.

Kisha mama akarudi kutoka Hanga, amenyeshewa njia nzima. Siku ya pili akaanza kutetemeka. Siku ya tatu anakohoa, kifua kinakwaruza, uji haupiti. Nilimpeleka kwenye zahanati kwa baiskeli, mimi nasukuma, yeye amejiegemeza begani kwangu kama mzigo wa kuni. Watu walituona. Zamani wangetoka watu wanne wakambeba. Walituona, wakaingia ndani. Tulipewa sindano na vidonge tukarudi, na yeye akazidi.

Hapo ndipo nilipoogopa woga ambao sijawahi kuuogopa tena. Siyo kifo peke yake. Nilikaa kitandani kwake nikaanza kuwapanga watu kichwani, nani atachimba, nani atabeba, nani atashika upande wa pili wa jeneza. Kila jina nililotaja lilikuwa la mtu aliyegeuza uso. Mwisho nikabaki na jina moja, langu. Mimi ni mtu wa udongo, najua kuchimba. Lakini je, mtu mmoja anaweza kumzika mama yake peke yake?

Usiniulize akili ilikwenda wapi. Mchana ule mama aliposinzia nilichukua jembe nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo langu la udongo, nikaanza kuchimba ili nione itanichukua muda gani. Urefu wa mtu, upana wa mtu. Udongo wa masika ni mzito, unashika jembe. Nilifika magotini, nikasikia sauti yake dirishani, ndogo.

"Unachimba nini, mwanangu?"

"Udongo wa matofali, mama."

Halafu akasema, "Nani anafyatua matofali masika?"

Nilisimama ndani ya shimo lile nikashindwa kutoka. Nilimsikia akikohoa, akapumzika, akaita tena. Nilipoingia alinitaka nimwambie yote, nikamwambia, mpaka dole gumba. Hakunigombeza. Alisema, "Nenda kwa Mama Kandida sasa hivi." Huyo ndiye mjane wa mzee Kasiani. "Usibebe kitu. Na usijitetee."

Nilimkuta kwenye mkeka, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Kuku alipita kati yetu, akachokoa, akaondoka.

"Marahaba," akasema mwishoni. "Umekuja kuniambia hukusikia?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Mimi mwenzako ndiye ambaye sikusikia." Mwanzo sikumwelewa. Akaendelea, sauti haina hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Nilikuwa naye peke yangu. Alinishika kanga, akawa ananiambia kitu. Nikaweka sikio mdomoni pake. Nikasikia redio yako. Nikamwambia, sema tena, baba Kandida. Akasema tena. Nikasikia redio yako. Ningemwacha vipi nije nikugongee? Hakusema mara ya tatu."

Mwanangu, mimi nimeanguka kutoka kwenye jengo, nimefukiwa na udongo wa shimo nusu siku, nimelazwa na homa mpaka nikaona vitu. Hakuna kilichoniogopesha kama mwanamke yule kunitazama baada ya kusema hivyo. Maana nilijua hakuna kitu duniani ninachoweza kumrudishia. Ningeweza kumjengea nyumba. Ningeweza kumlimia maisha yangu yote. Yale maneno yamekwenda.

Nilibaki na kichwa chini.

Akauliza, "Mama yako anaumwa kweli, au ni maneno ya watu?"

"Anaumwa, mama. Naona kama hafiki kesho."

Kisha akainuka, akafunga kanga ya pili kiunoni, akachukua majani fulani kwenye dari ya jiko, akanipita pale mlangoni nilipopiga magoti. Akatembea zile hatua ishirini mchana kweupe, mtaa mzima ukimwona. Nilipofika nyuma yake alikuwa ameshamwinua mama na anamfukiza. Baada ya muda akaingia mke wa mzee Alanusi na kuni. Halafu mwingine na maji. Jioni mzee Alanusi mwenyewe alikwenda nyuma ya nyumba, akaliona lile shimo. Hakuniuliza. Alishika jembe langu akaanza kulifukia, nami nikachukua koleo tukalifukia pamoja.

Mama alipona, akaishi miaka mingine mingi. Alipofariki, watu walikuja mpaka wengine wakakosa mahali pa kusimama. Mama Kandida aliimba. Lakini hakuwahi kuniambia amenisamehe, na mimi sikuwahi kumwuliza. Ameshatangulia naye. Hadi leo nikisikia spika inatikisa ukuta mahali, moyo unanienda mbio, na najikuta nasikiliza chini ya muziki kama kuna mtu analia.

Ile redio nilitaka kuivunja. Mama alinikataza, akasema nikiivunja nitakuwa nimevunja redio tu. Nikairudisha kwa yule mama wa dukani, nikamwomba anibadilishie kwa ile ndogo. Alinitazama akacheka, "Umepima chumba?" Nikamwambia nimepima.

Sasa Deo, na wewe mwingine, nisikilizeni jinsi ya kuchagua. Muuzaji atafungulia mpaka mwisho, kwa sababu kelele ndiyo inayouza. Mwambie ashushe. Ashushe mpaka wewe na yeye muweze kuongea bila kupandisha sauti. Kama hapo bado unayasikia maneno ya wimbo na besi haijawa uji, hiyo ni sistimu nzuri. Inayopendeza ikiwa juu tu ni mbovu, hata iwe na taa mia. Kisha mtu uliyekwenda naye atoke nje ya duka akuite jina lako la kawaida, kwa sauti ya kawaida. Usipomsikia, iache hapo hapo.

Deo, chumba cha kupanga kina ukuta mmoja na mwenzako. Spika usiziegemeze kwenye ukuta huo. Nunua ndogo ikutoshe wewe, siyo ya kuutosha mtaa. Kitufe cha kuzimia kiwe mahali mkono unafika, maana rimoti hupotea. Mtu akitokea mlangoni au dirishani, zima kwanza ndipo umpungie. Na ukisikia kuna mgonjwa aliyezidiwa au msiba, usipunguze. Chomoa waya, toka nje, uliza unahitajika wapi. Usiniambie mjini watu hawajuani. Siku utakayoishiwa nguvu utataka wakujue.

Mungu akuwekee mkono, mwanangu. Akupe kazi, akupe nyimbo za kufurahia jioni zako, na akunyime usingizi siku jirani yako anapokuita. Ukizeeka, akupe watu wengi mlangoni.

Mimi leo nina nyumba ya vyumba vitano hapa Mjimwema. Mashine moja ya kusaga. Shamba la mahindi njia ya Namtumbo. Nguruwe saba. Pikipiki moja, kuukuu. Mke mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa. Redio moja ndogo, spika mbili kama vitofali, ipo kwenye rafu. Sasa hivi imezimwa. Nyumba ya tatu kutoka hapa kuna mgonjwa.