Zamu ya Bibi Skola

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyoamriwa nikae chini, nikakataa. Nilikuwa msichana wa Kiwangwa, msomaji wa Injili katika jumuiya yetu, na mdomo ninao tangu nizaliwe.

Jumuiya ilisali nyumba kwa nyumba, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kurukwa zamu ilikuwa hukumu. Ukirukwa, hakuna tena anayekuja kukuomba moto wala chumvi. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Bibi Skola, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya mashamba ya mananasi. Mwenyekiti wetu, Mzee Fabiani, akatangaza kwamba bibi anarukwa, tutasali nyumbani kwake yeye Fabiani.

Sababu? Mtoto mchanga wa Mzee Fabiani alishikwa na degedege. Bibi Skola akamvua nguo, akamkanda kwa maji, akambeba mbiombio hadi zahanati. Mtoto akapona. Badala ya kushukuru, Mzee Fabiani akasema degedege ni jini, na jini lile lilimtii bibi upesi mno, kwa hiyo ni lake, na kijiji kimwondoe. Vijana walishaanza kuzungumzia kuichoma nyumba yake. Akili gani hiyo? Mpaka leo nikiikumbuka hasira inanipanda.

Basi siku ya sala, pale kwa Mzee Fabiani, nikasimama kusoma. Somo lilikuwa lile la wakubwa wa dini waliomwambia Yesu kwamba anatoa pepo kwa nguvu za mkuu wa pepo, naye akawauliza shetani atajifukuzaje mwenyewe, na nyumba inayopigana yenyewe kwa yenyewe itasimama vipi. Nilipomaliza sikukaa.

"Shikamoo, Mzee. Waliyomwambia Yesu na uliyosema wewe juu ya Bibi Skola, yana tofauti gani?"

"Kaa chini, binti!"

"Sikai."

Mke wake, Mama Anjela, akainuka, mtoto yuko mgongoni. "Baba Anjela, jini gani hilo linalotaka mwanangu apone? Mimi nakwenda kwa bibi." Tukatoka, na karibu nusu ya watu wakatufuata.

Tulipofika kwa Bibi Skola kichwa kikanivimba. Nikasema tuanzishe jumuiya yetu pale pale, na Mzee Fabiani asitie mguu. Bibi alinitazama mpaka nikainamisha uso.

"Mjukuu wangu, umesoma mwenyewe kwa sauti, hukusikia? Shetani hana haja ya jini. Fabiani ananitenga mimi, wewe unamtenga Fabiani, shetani kazi yake imekwisha, anakwenda kulala. Hapa kwangu haianzishwi jumuiya ya pili. Nenda kamwite."

"Akikataa je?"

"Mwambie mimi ndiye ninayemwita. Na mwambie sihami."

Nikaenda nimenuna. Mzee Fabiani alinifokea njia nzima, lakini alikuja. Alisali amesimama uani tu, radhi hakuomba, na wapo waliokataa kabisa kukanyaga pale. Ila hakuna kijana aliyethubutu kuwasha kiberiti kwenye nyumba aliposali mwenyekiti. Bibi Skola alizeekea humo, akafia kitandani kwake.

Sasa nasikia na nyinyi huko Kerege mmeambiwa mumruke mama mmoja. Usikubali, mwanangu. Kataa mbele za watu, hata kama sauti inatetemeka, hata kama anayekuamuru ana cheo. Mtu akitenda jema usimtafutie shetani ndani yake. Hilo Yesu hakulichukulia kwa mzaha, na mimi silichukulii. Lakini ukishashinda, kamwite uliyemshinda, ingawa roho yako haitaki. Mimi yangu haikutaka, nilikwenda hivyo hivyo. Uovu ufukuze, mtu mzuie asiende.

Mungu akupe miguu ya kusimama pale wengine wanapokaa. Na aliyekukosea akija kupiga hodi kwako, akukute una moyo wa kumwambia karibu.