Ufunguo Mkononi mwa Ardis Tveit

Ardis Tveit aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyeumia hata ukucha. Hakupenda kujisifu, lakini ukikaa naye dakika tano lazima ulijue hilo. Alikuwa na amri zake mbili. Ukifika relini unasimama, unafungua mlango, unasikiliza. Na dereva haondoki kitini bila ufunguo mkononi. Alipostaafu, amri zote mbili alihamia nazo kwenye gari la nyumbani, na watu wa mji wao mdogo wa Brandal wakazoea kumwona kasimama kwenye reli, mlango wazi katikati ya theluji, anatega sikio.

Abiria aliyembakia ni mmoja tu, mumewe Lyle. Kiharusi kilikuwa kimeua mkono wake wa kushoto, ila ulimi kilimwachia mzima.

"Haya dereva," alikuwa akisema kila wakifika relini, "watoto wote tumekaa."

"Kimya huko nyuma!" Ardis alijibu, ingawa Lyle alikuwa pembeni yake.

Kisha wakanunua gari jipya, la aina ile inayojizima kila ukisimama na kujiwasha yenyewe inapotaka. Breki nayo ilijishikilia, mguu ukapumzika. Binti yao Renae aliliazima wiki ya pili tu. Alisimama mbele ya duka, akasikia kimya, akadhani limezimwa, akashuka, na gari likajiwasha nyuma yake, likaenda kugonga ukuta. Lilirudi na taa moja.

"Mama, hicho kitufe hapo kinalizuia kujizima. Kibonyeze kila ukiwasha."

"Nimeendesha dude la tani kumi na mbili, leo unanifundisha kagari?"

"Lile basi lilikuwa halikudanganyi, mama."

Ardis alicheka. Ukweli ni kwamba alilipenda gari lile kwa sababu hiyo hiyo. Dizeli ya basi ilimpigia kelele masikioni nusu ya maisha yake, akawa anasikiliza treni kwa kubahatisha. Hili lilinyamaza lenyewe relini, kana kwamba limefundishwa adabu. Kitufe hakukigusa hata siku moja. Ubishi wa mtu anayejua kazi yake ni ubishi mbaya sana.

Jumapili moja ya Januari, baridi ya kugandisha kope, walikuwa wakielekea kwenye chakula cha kanisani. Lyle alipakata bakuli la nyama ya kusaga na viazi, limeviringishwa taulo, bado la moto. Wakafika relini, pale pasipo kizuizi wala taa, ambapo maghala ya ngano yanaficha njia upande wa kushoto. Injini ikazima.

"Haya dereva, watoto wote tumekaa."

"Kimya huko nyuma!"

Akafungua mlango. Upepo ulivuma mno, hakusikia kitu. Kwa hiyo akashuka, hatua tano, sita, achungulie nyuma ya ghala. Mkononi hakuwa na kitu. Masikio yalishamwambia injini imezimwa, na kwake yeye injini ikizimwa ufunguo umeshatoka.

Nyuma yake, baridi iliingia kwa mlango ulioachwa wazi, ikajaza gari. Hita ikadai joto. Injini ikaamka, gia ikiwa palepale pa kwendea mbele, na breki ikaachia.

Treni ilipiga honi nyuma ya ghala. Ardis akageuka, akaona gari linampita polepole na Lyle ndani, mkono wake mzima umeshika bakuli, ule mwingine hauwezi kufika kwenye gia.

"Lyle! Ruka!"

Akaudaka mlango. Barafu ikamtelezesha miguu, akaanguka kifudifudi, na gari likapanda reli bila yeye.

Treni ikapita.

Mabehewa ya ngano, zaidi ya mia. Ardis alibaki amelala pale akichungulia katikati ya magurudumu, akitafuta kipande cha bati, taulo, chochote. Hakusali. Aliogopa hata kusali. Alirudia neno moja tu, ufunguo, ufunguo, mpaka behewa la mwisho lilipopita.

Gari lilikuwa ng'ambo, pua imezama kwenye lundo la theluji. Limenyamaza tena. Lyle alikuwa ndani, mweupe kama karatasi, bakuli mapajani.

"Dereva," alisema kwa sauti ndogo, "hakijamwagika."

Ardis alilisogelea gari kama unavyomsogelea mbwa usiyemjua, na alipofika mlangoni likanguruma. Akajirusha ndani, akazungusha ufunguo, akauchomoa.

Siku ile kanisani aliwapakulia watu chakula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ngumi, na haukufunguka hata Renae alipojaribu kuvifungua vidole kimoja kimoja.