Ala ya Bastola ya Lomorukai

Akal alijua ngozi kabla hajajua kusoma. Alizaliwa karibu na Namoruputh, na mama yake alimkalisha chini akiwa bado na meno ya utoto, akamwonyesha jinsi ngozi ya mbuzi inavyokunwa, inavyopakwa mafuta, inavyosuguliwa mpaka ilainike kama sikio la ndama. Ukame wa mwaka 2011 ulipowamaliza mbuzi wa nyumbani kwao, wengi walianza kuchoma makaa. Yeye alibeba kisu, msharasi wa kutobolea ngozi na tairi moja kuukuu, akashuka Lodwar kushona akala, viatu vya tairi. Alikaa kwenye baraza ya duka moja la unga, mguu mmoja kaukunja, mwingine kaunyoosha, na mdomo wake haukujua likizo. Mtu akileta kiatu kilichokatika mkanda alirudi nyumbani na kiatu kizima na habari za mji mzima.

Mteja wake mkubwa alikuwa Lomorukai, mchuuzi wa mifugo, mtu wa kitambi na kicheko. Alinunua mbuzi Lokiriama na Kaikor akawauza Kakuma, ambako wenyeji na wakimbizi wote wanapenda nyama. Kwa kuwa alisafiri na fedha kwenye barabara zenye majambazi, serikali ilikuwa imempa leseni ya bastola. Ilikuwa ndogo, nyeusi, na ilitakiwa iwe siri. Lakini nusu ya Lodwar ilijua inakolala: mfuko wa kulia wa suruali, bila ala, bila chochote, imetuna pale kama kobe ndani ya soksi.

"Apa, hiyo kitu haina nyumba?" Akal alimuuliza siku moja akimpima mguu, akimwita baba kwa Kiturkana.

"Nyumba gani tena? Mfuko ndio nyumba. Inalala hapo, inaamka hapo. Watu hawaoni."

"Mimi naona."

"Wewe ni fundi. Macho yako ni ya kupimapima."

Akal alicheka, akaendelea kukata tairi. Hakujua lolote kuhusu bastola, na mzee ni mzee.

Mwezi wa Septemba mwaka 2012 Akal alikuwa na magunia mawili ya akala za kupeleka Kakuma, kwa rafiki yake Ayen. Ayen alikuwa fundi cherehani kutoka Sudan Kusini, mama mrefu wa maneno machache, mwenye kibanda cha mabati katika soko la kambi. Yeye alishona nguo, na mbele ya kibanda akaning'iniza akala za Akal. Lomorukai naye alikuwa anakwenda huko huko, basi akampakia Akal na magunia yake nyuma ya pikapu, pamoja na mbuzi saba waliomtafuna kanga njia nzima.

Walifika kabla ya adhuhuri. Lomorukai alikuwa na shida yake kwa Ayen: mfuko wa kulia ulikuwa umetoboka tena. Ilikuwa mara ya tatu mwaka ule.

"Nitashona," Ayen alisema, "lakini hiyo mfuko unaweka nini? Mawe?"

"Mambo ya wanaume," Lomorukai akajibu, akaketi kwenye kigoda chake kidogo cha mbao, kile ambacho mzee wa Kiturkana hatembei bila kukibeba. Akataka kuvuta ugoro kwanza. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta kopo.

Mfuko ule, masikini, ulikuwa umebeba kila kitu. Pete ya funguo ilikuwa imejipenyeza mle kwenye triga ya bastola, na kopo la ugoro limenaswa na funguo. Lomorukai akavuta kopo. Halikutoka. Akavuta kwa nguvu.

Mlio ulipasua soko zima. Kila mtu alilala chini mara moja, kama nyasi zilizopigwa na upepo. Sufuria zilianguka, kuku wakaruka, mwenye duka la jirani akajifunika kwa godoro alilokuwa akiliuza. Lomorukai alibaki peke yake ameketi wima, mdomo wazi, moshi mwembamba ukimtoka kwenye suruali.

"Nimekufa?" aliuliza.

Akal alimtambalia, akamkagua mguu. Risasi ilikuwa imetoka chini ya mfuko, ikapita kando ya goti, ikakata ukingo wa akala na kuzama mchangani. Kidole chake cha mwisho kilikuwa na mkwaruzo usiozidi wa mwiba.

"Hujakufa, Apa. Akala ndiyo imekufa."

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili, na soko likaanza kuinuka na kujipangusa vumbi. Ayen hakucheka. Alikuwa bado chini ya cherehani yake, tumbo mchangani, mikono kichwani. Akal alimshika bega. Ayen alitoka polepole, akasimama mbele ya Lomorukai, naye aliposimama alikuwa mrefu kweli.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilitembea kutoka Bor kwa miguu, na mtoto mgongoni, kukimbia hiyo sauti. Miaka kumi na mbili sijasikia karibu hivi. Wewe umeniletea mpaka kwa cherehani yangu. Na ulisema ni mambo ya wanaume."

Lomorukai aliinuka kwenye kigoda chake. Alivua kofia yake yenye unyoya wa mbuni, akaishika mkononi.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nisamehe sana."

"Suruali yako sishoni mpaka hiyo kitu ipate mahali pake."

Lomorukai hakungoja polisi wamfuate. Alikwenda kituoni mwenyewe, Akal akiwa shahidi, bastola ameibeba kwenye beseni la Ayen kama samaki. Msimamizi wa silaha pale alikuwa Sajini Jepkoech, mwanamke mfupi mwenye miwani, mtaratibu kama mwalimu wa hesabu. Alichukua bastola, akatoa magazini yenye risasi, akavuta chuma cha juu na kuchungulia ndani kuhakikisha hamna risasi, kisha akamwambia Lomorukai amwage mfuko wake mezani.

Zikatoka funguo, kopo la ugoro, mswaki wa mti, karanga, peremende tano za watoto na msumari.

"Huu ni mfuko ama ni kioski?" Jepkoech aliuliza.

"Afande, ajali haina kinga."

"Ajali haina, lakini triga iko na kinga, na inaitwa ala. Bastola ikikaa mfukoni wazi, kila kitu kilichoko humo kinaweza kuwa kidole. Funguo ni kidole. Msumari ni kidole. Hata kitambaa kikikunjwa ni kidole. Mzee, umekuwa ukitembea na vidole sita juu ya triga, na bomba linaangalia mguu wako."

Lomorukai alitazama mguu wake kama mtu aliyeuona kwa mara ya kwanza.

Bastola ilibaki kituoni. Barua ziliandikwa, ripoti ikaenda kwa wakubwa wa leseni, naye akaambiwa kwamba hata wakikubali hatapewa mpaka alete ala ya kufaa. Wiki tatu baadaye alirudi na moja ya kitambaa aliyoagiza Eldoret. Jepkoech aliweka humo bastola tupu, akaibonyeza kwa nje kwa kidole gumba. Tik! Triga ilikuwa imelia.

"Hii ni soksi," alisema, akamrudishia.

Akal alikuwepo siku hiyo, amekuja na akala. Alichukua ile soksi, akaigeuza, akaivuta mshono. "Afande, ukinionyesha hiyo kitu inakaa aje, mimi naweza kujaribu."

Jepkoech alimtazama mikono, ile mikono yenye alama za msharasi, akakubali. Aliilaza bastola tupu juu ya katoni, Akal akaichora pande zote kwa makaa. Kisha Jepkoech akamwonyesha mahali penye kazi: triga lazima ifunikwe yote, na kifuniko kiwe kigumu hata ukikikalia kisiguse kitu ndani, mpini ubaki nje, mkono uushike vizuri. Na ndani ya mfuko kusiwe na kingine. Hata karanga moja.

Akal alichonga mfano wa bastola kwa mti wa mathenge, mti ule ambao Turkana nzima inaulaani kwa miiba yake, akaufuata mchoro mpaka kwenye kila pembe. Alirudi nao Lodwar ndani ya kikapu cha vitunguu. Kwenye kizuizi cha barabara askari kijana aliinua kitunguu, akaona mpini, akaruka nyuma hatua tatu.

"Ni ya mti, ndugu yangu," Akal akamwambia. "Ukitaka, gonga."

Askari akagonga. Kisha akawaita wenzake, kila mmoja akataka kugonga, na Akal akafika nyumbani jua likizama.

Ala ya kwanza aliishona kwa ngozi ya mbuzi, kwa ule ulaini wote aliojivunia. Kituoni Jepkoech akaibonyeza. Tik. Akal aliumia moyoni zaidi ya alivyotegemea. Maisha yake yote sifa ya ngozi ilikuwa kulainika. Sasa anaambiwa ulaini ndio hatari. Alilala akiwaza, akaamka na jibu: ngozi ya ngamia, ile ya shingoni, ambayo mafundi wenzake huitupa kwa ukaidi wake. Aliiloweka siku mbili, akaikandika juu ya bastola ya mti, akaifunga kwa kamba na kuianika kwenye jua la Lodwar, ambalo hukausha chochote bila kuombwa. Ilikauka ngumu kama kwato. Akaishona kwa uzi uliopakwa nta.

Safari hii Jepkoech alibonyeza kwa gumba, akabonyeza kwa kiwiko, mwisho akaiweka kwenye benchi na kuikalia. Kimya. Askari wote waliokuwa chumbani walipiga makofi.

"Sasa chomoa," akamwambia Lomorukai, aliyekuwa amevaa suruali mpya iliyoshonwa na Ayen, mfuko wa turubai. Maana Ayen alikuwa amelegeza msimamo baada ya Lomorukai kuchinja dume la mbuzi na kulisha mstari mzima wa vibanda. Lomorukai akachomoa bastola tupu. Ikatoka pamoja na ala yake, imevaa kama mtu aliyeamshwa akiwa bado na blanketi.

Chumba kizima kikacheka, Akal mbele yao. "Nipeni wiki moja," alisema.

Alitengeneza nyingine, safari hii ule upande wa ngozi wenye manyoya manyoya ukiangalia nje ili ushike turubai, na pembeni akaacha kijipembe cha kukwama kwenye ukingo wa mfuko. Lomorukai alivuta, bastola ikatoka peke yake, ala ikabaki mfukoni. Akarudia mara ishirini. Jepkoech akaandika kitu kwenye daftari lake, na hiyo kwake ilikuwa sawa na kigelegele.

Bastola ilirudishwa mwezi wa Februari mwaka 2013, pamoja na barua kali ya onyo ambayo Lomorukai aliisoma kwa sauti sokoni Lodwar, aya baada ya aya, bila aibu. Funguo alizivaa shingoni kama kengele ya mbuzi kiongozi. Alimwambia kila mwenye silaha aliyekutana naye: "Usibebe kama mimi nilivyobeba. Nenda kwa Akal."

Wakaja. Wachuuzi wawili wenye leseni, mhasibu mmoja, na Jepkoech mwenyewe, aliyetaka ala ya siku asizovaa sare. Akal alikuwa na sharti moja: leseni kwanza, kipimo baadaye. Kijana fulani mwenye miwani ya jua alikuja akisema ala ni ya rafiki yake.

"Mlete rafiki, na karatasi yake," Akal akamjibu kwa upole.

"Ejok, sawa, nitarudi," kijana akasema. Hakurudi.

Mwezi wa Aprili Ayen alipata kibali cha kutoka kambini kwa siku nne, akaja Lodwar kwa mara ya kwanza. Alimkuta Akal barazani, miguu kama kawaida, akikandika ngozi ya ngamia. Akaketi kando yake, akaokota ala iliyokwisha kukauka, akaibonyeza kwa gumba lake refu huku ameinamisha sikio.

"Hakuna sauti," alisema.

"Hakuna."

"Vizuri." Akaifuta vumbi kwa ukingo wa nguo yake, akairudisha mahali pake. "Sasa nipe chai, dada. Na uniambie habari za huu mji."

Akal akavuta pumzi, akaanzia na mwenye duka la unga.