Kibuyu Kilichokunywa Sabuni

Kibuyu cha bibi nilikiosha kwa sabuni, na nilijua ninachokifanya. Siwezi kujitetea kwamba sikufundishwa. Bibi huyo, mama yake baba, ndiye aliyenilea, upande wa Kinango ambako ng'ombe hutembea nusu siku kutafuta maji, na kabla sijajua kuhesabu nilikwisha kujua kwamba kibuyu cha maziwa hakionjeshwi sabuni.

Yeye alikisuuza kwa maji ya moto tu. Kisha alichukua kijiti chenye kaa jekundu, akakipitisha shingoni na kusugua kuta za ndani, jicho moja amelifumba kwa moshi. Akakung'uta unga wa makaa, akamimina maziwa, akaziba kwa gunzi la mahindi. Siku ya tatu tulikunywa maziwa lala, yamekwisha kuganda, yenye vidoadoa vyeusi. Ubavuni kibuyu kilikuwa na ufa alioushona kwa ukindu, mishono mikubwa ya mtu asiye na subira. Kila nikinuna, nilikwenda kuingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu nikavuta pumzi, naye akiniona alisema, "Utakimaliza kwa pua, wewe."

Alipofariki, wajukuu wenzangu waligawana mbuzi. Mimi niliomba kibuyu, shangazi akanipa. Nikaja nacho Ukunda nilikoolewa, nyumba yetu haiko mbali na Kona ya Musa, nikakitundika kwenye msumari jikoni. Sikutia maziwa hata tone. Niliogopa moshi wangu usije ukaufunika wa kwake. Kila Ijumaa nilitoa gunzi, nikanusa, nikaziba haraka ili bibi asitoke mno. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, mtu mzima mimi.

Kisha mama mkwe akatuma salamu kutoka Msambweni kwamba anakuja kukaa nasi wiki moja. Huyu ni mwanamke ambaye ua wake hufagiwa mara tatu kwa siku. Nilisugua sakafu, nikafua mapazia, nikabadilisha hata kamba ya kuanikia. Mwisho nikasimama jikoni na kukinusa kibuyu kwa pua ya mama mkwe: moshi, maziwa ya kale, zizi. Niliona haya. Niliona haya kwa ajili ya bibi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nikakitia sabuni ya unga na maji moto, nikatikisa, nikamwaga. Maji yalitoka meusi, nikarudia, yakatoka ya kahawia. Nilirudia mpaka yakatoka meupe, nikaanika kibuyu juani.

Mama mkwe alifika, tukaamkiana, akanywa chai. Hata hajamaliza kikombe akatazama ukutani.

"Na kile kibuyu cha bibi yako kiko wapi, mwanangu? Mumeo amenisimulia sana. Maziwa ya moshi mimi nayasikia tu, nimekuja na hamu nayo."

Nilimwambia kimepasuka. Kilikuwa uani, kimejaa jua, kinanuka kama shati jipya.

Alipoondoka nilikipeleka kwa shangazi. Alinusa mara moja akakiweka chini. Laiti angenigombeza.

"Hiki kimekunywa sabuni," akasema. "Maziwa hakitayashika tena. Kitie mbegu."

Kwetu kibuyu kisichofaa tena kwa maziwa hutunza mbegu. Akanichotea za vibuyu, uzao wa zile alizopanda bibi, akanifungia na vijiti vya mti ule ule ambao bibi alifukizia kibuyu. Nilipanda nyuma ya nyumba. Mche ukatambaa hadi kwenye ua wa jirani, naye akanung'unika kwamba nimempelekea msitu. Nilisubiri vibuyu vikauke hadi mbegu zikacheza ndani. Nikakata shingo ya kimoja, nikakiloweka, nikabadilisha maji siku baada ya siku mpaka uchungu ukaisha. Nikawasha kijiti, nikafumba jicho moja.

Nikamwita mama mkwe. Siku aliyofika nilitangulia kuonja maziwa ya kibuyu kipya kabla sijammiminia. Yalikuwa matamu, kusema kweli. Niliyaweka mdomoni kwa muda mrefu nikimtafuta bibi, na hakuwamo. Moshi ulikuwa ule, mbegu ni zake, ila yale yaliyojisugua ndani ya kibuyu chake kwa miaka yote ya mkono wake, hayo niliyamwaga mimi.

Mama mkwe alikunywa vikombe viwili, akajifuta vidoa vyeusi mdomoni kwa ncha ya leso.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe hivi ndivyo yalivyokuwa ya bibi yako."

Katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyeweza kusema sivyo.

"Ndivyo, mama," nikamwambia, nikammiminia kikombe cha tatu.