Mke mwenzangu alikaa eda, mimi bado nangoja

Admin, nifichie jina. Mji wetu wa Koboko, huku Uganda, ni mdogo na watu wake wana masikio marefu.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na saba, naishi peke yangu. Tangu utoto sijui kulia. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia majirani pale Arua, "Hii mtoto, hata mlango ikibana kidole yake, iko kimya tu." Wakicheka, nami najiona shujaa.

Niliolewa na askari, mke wa pili. Mke mwenzangu alikuwa wa kelele. Akikasirika mtaa mzima unajua, kesho yake amesahau. Tulipatana. Mwaka 1979 vita vilipokaribia kwetu, bwana alitupakia kwenye lori la kwenda Oraba, tuvuke mpaka hadi mji wa Kaya upande wa Sudan, akaniambia, "Ngoja mimi pale Kaya. Mimi nakuja." Hakuja. Baadaye mwenzake wa kambini alitukuta huko, akasema aliona gari lao likiungua, ila maiti hakuiona.

Mke mwenzangu alipiga yowe, akagaagaa chini, kisha akakaa eda. Wanawake walimzunguka, wakampikia uji, wakalia naye. Mimi nilikataa. Nilisema bila maiti hakuna ujane. Basi hakuna aliyenipa pole, maana pole ya nini kwa mwanamke anayesema mumewe anakuja? Nilichota maji, nikapika, nikatabasamu. Roho iliniuma sana.

Tuliporudi, mwenzangu aliolewa tena, akazaa. Mimi nikaanza kushindwa kuamka kitandani. Chakula hakina ladha, watu siwataki, mwaka nenda mwaka rudi. Majirani wakasema naringa. Juzijuzi daktari ameniambia ni sonona. Nikamuuliza, mbona tulipigwa na jambo moja na mwenzangu anacheka? Akasema wengine huzuni huwatoka mdomoni, wengine huwaozea ndani.

Nilimsimulia mke mwenzangu. Leo amekuja kutoka Arua na mkongojo wake, kaniletea shuka nyeupe. "Dada, kaa eda sasa. Mimi iko hapa. Nitapika, nitalia na wewe."

Jamani, nikiivaa nimemzika kwa mkono wangu, na yeye alisema anakuja. Shuka iko hapa mapajani. Mwenzangu yuko jikoni anasonga asida, anagonga sufuria kama kawaida yake. Tangu Kaya, hii ni mara ya kwanza kuna mtu ananingoja mimi.

Nishaurini ndugu zangu, nivae?