Kilio Alichofundishwa Mheshimiwa

Kisiwani Takawiri, mtu akizikwa bila Phelesia kuimba, watu husema amefukiwa tu. Mama huyu mwanika omena, wale dagaa wa ziwani, alijua kulia kwa mpangilio. Jina la marehemu aliliita mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha akanyamaza. Katika ukimya ule, hata aliyekuja kwa sababu ya pilau aliangua kilio.

Binti yake, Millicent, alifia ziwani ndani ya mtumbwi wa kuazima, akikimbizwa hospitali ya Mbita, ng'ambo, akajifungue. Phelesia alimwimbia mwenyewe. Miongoni mwa waombolezaji alikuwemo Tony, aliyekuwa akiwania uwakilishi wa wadi. Watu walipotawanyika, akamfuata jikoni.

"Mama, unafanya aje mpaka wote wanalia? Mimi nikiongea wanaangalia simu."

Phelesia akaona mlango wa bahati umefunguka. "Nikikufundisha, utatuletea boti ya wagonjwa? Yenye injini, ilale hapa hapa kisiwani?"

"Nikiingia tu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza."

Basi akamfundisha. Usiseme wananchi; sema mtu mmoja, taja hata rangi ya leso yake. Usiseme mimi, sema sisi, ili mzigo waubebe nawe. Ita jina mara tatu, halafu funga mdomo hata ulimi ukikuwasha. Mwisho, waambie walio hai kazi iliyobaki, maana kilio kisicho na kazi ni kelele.

Tony akashinda. Siku ya sherehe ya ushindi, Phelesia alivuka hadi Mbita pamoja na Achieng, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi minane. Wakakalishwa viti vya mbele.

"Mama, boti itafika kabla ya siku zangu?"

"Ngoja atasema."

Tony akashika kipaza sauti. "Sisi tumeshinda. Sisi tuliodharauliwa. Sisi tuliozika." Akatua. "Kulikuwa na msichana wa Takawiri. Leso yake ilikuwa ya manjano. Millicent." Sauti ikashuka. "Millicent." Mara ya tatu ilikuwa pumzi tu. Kisha akafunga mdomo.

Uwanja mzima ukalia. Phelesia, aliyeujua kila mshono wa hotuba ile kwa kuwa aliishona yeye, alihisi machozi yakimtoka, akayachukia. Akangoja sehemu ya walio hai.

"Ushindi huu ni wa Millicent," Tony akasema, na muziki ukafunguliwa kwenye spika.

Phelesia alimfikia Tony akiwa anaingia garini. "Tony, boti je?"

"Mama yangu, leo tufurahi kwanza. Si umeona walivyolia? Tumewaweza kabisa."

"Hata mimi umeniweza," alisema Phelesia. Mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa.

Achieng hakurudi kisiwani. Phelesia alimwombea godoro kwa Emmah, muumini mwenzao wa kanisa pale Mbita, alale huko, karibu na hospitali, hadi ajifungue. Yeye akavuka peke yake, akamwacha mkaza mwana akisaidia kuosha vyombo vya watu wengine.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja akafa Takawiri. Phelesia alisimama kando ya jeneza, akaita jina mara tatu, akanyamaza. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wakinong'ona.

"Huyu mathe anaiga mheshimiwa."

"Lakini mheshimiwa anajua zaidi," mwenzake akajibu.